Shubiri Kwenye Ziwa

Zuena alitapika katikati ya shamba la kijiji, mbele ya wanawake wenzake, na kwa bahati mbaya aliyekuwa kwenye tuta la jirani alikuwa Bi Chausiku. Angekuwa mwingine, pengine jambo lingeishia palepale, likafukiwa na udongo. Bi Chausiku aliegemea mpini wa jembe. Alimtazama Zuena akijifuta mdomo kwa upindo wa kanga, kisha akamtazama mtoto Rehani aliyebebwa mgongoni, mtoto wa mwaka na ushee, meno yake bado machache. Akasema taratibu, kwa ile sauti ya huruma inayofika mbali kuliko ukelele, "Pole mama Rehani. Na hongera."

Wanawake wakaguna, wakainamia majembe yao. Jua lilikuwa halijafika utosini, habari imeshafika nyumbani kwa Mashavu, mama mkwe wa Zuena, aliyekuwa uani akichekecha unga wa mahindi ya njano, yale yaliyogawiwa mwaka ule wa njaa.

Hongera ile Mashavu aliielewa. Kwa watu wake, mwanamke anayenyonyesha na mumewe hawakaribiani mpaka mtoto atembee vizuri na aache ziwa. Wakishindwa kuvumilia, mimba ikaingia juu ya mtoto wa mgongoni, maziwa huharibika, mtoto akakonda, na watu husema kabemendwa. Jina hilo likimshika mtoto, baba na mama hawana pa kuficha nyuso zao, na bibi mzaa baba ndiye wa kwanza kuulizwa alikuwa wapi.

Zamani kule Kwaluguru swali hilo lilikuwa na jibu. Nyumba zilikaa mbalimbali, kila mtu na migomba yake, na mwanamke akijifungua alihamia kwa mama mkwe, wakalala pamoja mpaka mtoto akue. Hapa kwenye kijiji cha ujamaa, upande wa Misima, nyumba zilipangwa kwa mistari kama mahindi. Walipewa kiwanja kimoja wakajenga kibanda cha vyumba viwili, kimoja cha Mashavu, kingine cha Sadala mwanawe na mkewe. Kuta zenyewe za fito na udongo. Jirani akipiga chafya, unaweza kumwitikia ukiwa kitandani kwako. Tangu siku ya kwanza Mashavu aliiogopa nyumba ile. Aliona wazi kwamba watu watasema, hata kama hakuna la kusema.

Zuena aliporudi, Mashavu hakumruhusu hata atue jembe.

"Una mimba?"

"Sina, mama."

"Umetapika."

"Nilitapika kwa njaa. Asubuhi nilikunywa maji, nikaenda kulima. Jua likanipiga."

"Njaa sote tunayo, na wengine hatutapiki."

Zuena akaapa kwamba tangu amzae Rehani, Sadala hajamgusa. Mashavu akamtazama usoni kwa muda mrefu. Alimpenda msichana huyu, ambaye alikuja kwake akiwa hajui hata kusonga ugali wa watu wengi, naye akamfundisha kwa mikono yake. Hakutaka kumwita mwongo. Lakini alipima mambo mawili. Ikiwa mimba ipo na mtoto akaendelea kunyonya, maziwa yale yatamuua. Ikiwa mimba haipo na akaachishwa, basi hasara ni ndogo, ameachishwa mapema kidogo, naye meno ya kutafunia ameshaanza kupata. Akaona ni bora kukosea upande wa salama.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuhukumu. Ninamlinda mume wangu." Mume wangu ndivyo alivyomwita mjukuu wake, kama mabibi wote wanavyotaniana na wajukuu wa kiume.

Akaenda nyuma ya nyumba akakata jani la shubiri, akalikamua, akampaka Zuena maziwa yote mawili kwa mkono wake mwenyewe. Zuena aligeuza uso ukutani. Kisha mtoto akaletwa. Rehani alilivamia ziwa kwa furaha yake ya kila siku, akavuta, akaacha. Hakulia kwanza. Alimtazama mama yake, kisha akamtazama bibi, ambaye vidole vyake vilikuwa bado na utomvu wa kijani. Ndipo akalia, na kilio kile Mashavu alikisikia mpaka kwenye swala.

* * *

Mtoto alilia mpaka akachoka, kisha akakubali uji. Uji wenyewe ulikuwa wa unga wa njano, mwepesi, bila sukari, maana sukari ilikuwa haipatikani. Maharage yalikuwapo kidogo, lakini Sadala alikuwa katika kikosi cha kufyatua matofali ya shule, kazi ya kusomba udongo na maji kutwa nzima, na mwanaume wa kazi hiyo hawezi kula ugali mkavu. Kwa hiyo maharage yalikwenda kwa Sadala, wanawake wakapata mchuzi, mtoto akapata uji. Hakuna aliyemnyima. Ndivyo chakula kilivyokuwa kikigawiwa tangu Mashavu apate akili, na yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kula, akikwangua chungu.

Alipoona mtoto anapungua, Mashavu alichukua matetea yake, akawafunga miguu, akaenda Handeni mjini kuwauza. Fedha alizopata akazipeleka dukani kwa Hassanali. Mwenye duka hakuwapo. Alikuwapo mkewe Sakina, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliyezaliwa hapohapo Handeni na kujua kusalimia watu wazima.

"Shikamoo bibi. Nikupe nini?"

Mashavu akaonyesha kopo la maziwa ya unga juu kabisa ya rafu, lenye picha ya mtoto mwenye mashavu. Sakina akalishusha, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akauliza la nani.

"La mjukuu wangu."

Sakina akashusha sauti. "Pole sana bibi. Mama yake amefariki lini?"

Dukani walikuwamo wateja wengine, na mmoja alivua kofia. Mashavu akasema mama yake yupo, hajafa.

"Yupo? Mgonjwa?"

"Mzima."

Sakina alibaki ameshika kopo, kama mtu anayetaka kusema neno kisha akakumbuka kwamba yeye ni muuzaji. Alisema tu kwamba wengi wanaokuja kununua yale ni wenye watoto waliofiwa. Mashavu alilipa, akalifunika kopo kwa kanga, akatoka bila kuaga vizuri. Njia nzima alijihisi kama aliyemwombea dua ya maiti mtu aliye hai.

Kopo lilikuwa dogo na njaa ilikuwa ndefu. Ili lidumu, alitia maziwa kidogo na maji mengi, na kila siku maji yalizidi, mpaka kikombe kikawa na rangi tu ya maziwa. Mtoto akaanza kuharisha. Lakini baadaye kidogo miguu yake ilijaa, na uso ukawa wa duara, na Mashavu akafurahi. Alimwita Zuena aje aone. "Mume wangu ananenepa," alisema. Akamshika mguu ili auminye kwa mapenzi. Alipotoa kidole, shimo lilibaki pale kwenye nyama, kama kwenye ugali wa moto, na halikurudi. Zuena aliliona shimo lile, naye Mashavu akaona kwamba ameliona.

* * *

Baada ya hapo nywele za mtoto zikageuka rangi ya majani makavu, na ngozi ikaanza kubabuka. Lililomtisha Mashavu zaidi ni kwamba alikaa pale alipowekwa. Zamani ukigeuka tu, Rehani yuko jikoni anavuta kuni. Sasa kifaranga kilikuja kikala uji kwenye kibakuli chake, naye akakitazama tu, bila kukifukuza.

Mashavu akaanza kumficha. Majirani waliambiwa kwamba mtoto amepelekwa Korogwe kwa shangazi yake, abadili hewa. Mchana Zuena alikuwa shambani na mtoto alilala ndani, mlango ukiwa umerudishwa. Asubuhi, kabla watu hawajaanza kupita, bibi alimtoa kidogo aote jua.

Asubuhi moja Bi Chausiku alitokea ghafla na kigae mkononi, anaomba moto. Mashavu aliwahi kumrushia mtoto kanga, akamfunika gubigubi pale kwenye mkeka. Wakasalimiana kwa kirefu, habari za kuamka, za watoto, za mvua isiyokuja. Bi Chausiku akachota makaa polepole, kama anayeyachagua.

"Na mjukuu Korogwe hajambo?"

"Hajambo. Wametuma salamu."

Hapo kanga ikakohoa.

Bi Chausiku aliitazama kanga. Mashavu alitazama moto. "Hiyo kanga yako ina mafua, Bi Mashavu," alisema Bi Chausiku.

"Ni paka."

"Basi mpe dawa huyo paka." Akainuka na moto wake. Mlangoni alisimama kidogo, akaonekana kama anataka kuongeza jambo jingine, lisilo la utani. Akaenda zake.

Mashavu aliifunua kanga. Mtoto alikuwa macho, hajaiondoa usoni, hajajaribu.

* * *

Aliitwa Mzee Mhina, mtu wa miti shamba, ambaye watu wa pale walimheshimu kwa sababu hakuwa na tamaa. Alimkagua mtoto, akatikisa kichwa. Akasema dawa ya kubemendwa ipo na majani atayachuma mwenyewe, lakini sharti lake ni moja na la zamani: haishiki mpaka baba na mama wakiri kwa vinywa vyao kwamba walikaribiana. Wakificha, mtoto anakwenda.

Walikuwa wamekaa uani, Mzee Mhina kwenye kigoda, Mashavu na balozi wa nyumba kumi kwenye mkeka, Sadala amechuchumaa na udongo wa matofali ukimkaukia miguuni, Zuena kwenye mlango wa jiko. Zuena aliulizwa kwanza. Akasema hakuna kilichotokea. Akaulizwa tena kwa upole, akasema vilevile. Mzee Mhina akaanza kukusanya mkoba wake.

Sadala alikuwa anamtazama mwanawe, aliyelazwa kwenye mapaja ya bibi, kichwa kikubwa, mikono kama vijiti vya kuchochea moto.

"Ni mimi," alisema. "Yeye hakutaka. Nilimlazimisha."

Mwiko ulimponyoka Zuena mkononi. Balozi akakohoa na kutazama paa. Mashavu aliinamisha kichwa mpaka ushungi ukamfunika macho. Alijisikia amevuliwa nguo, yeye aliyefunga na kuswali miaka yote ile, akamlea mtoto wa kiume peke yake baada ya baba kufa, na sasa mwanawe anasema haya mbele ya wazee. Lakini ndani ya aibu palikuwa na nafuu, maana sasa ugonjwa una jina, na wenye jina huwa na dawa.

Majani yakachemshwa, mtoto akaogeshwa asubuhi na jioni, akavishwa uzi mweusi kiunoni. Habari ya kukiri haikukaa uani. Kwenye shimo la matofali wenzake Sadala walimpa jina, Bwana Haraka. Akichelewa na ndoo walimwambia, "Leo mbona huna haraka?" Akiwahi walicheka zaidi. Sadala aliinamia kalibu yake ya matofali, akapiga udongo. Na nyumbani Zuena hakusema naye. Alimwekea ugali, akamwekea maji ya kunawa, akapita mbele yake kama anayepita mbele ya nguzo. Mara moja tu Mashavu alimsikia upande wa pili wa ukuta akisema, bila hasira, kama mtu aliyechoka, "Umenisemea uongo mimi." Sadala alijibu kwa sauti ndogo, Mashavu hakusikia nini.

Hata hakutaka kusikia. Mtu aliyetendewa vibaya huweza kusema lolote, alijiambia.

Uzi mweusi ulilegea. Mtoto alikuwa anazidi kuisha kiunoni na kuzidi kuvimba miguuni.

* * *

Alasiri moja Mashavu alitawadha, akatandika mkeka wa swala uani kama kawaida, na kando yake akatandika kanga ya Zuena. Waliswali pamoja kila siku, mkwe na mkwewe. Zuena alikuwa anachambua kunde na hakuinuka.

"Wakati umeingia," Mashavu alimwambia.

"Mama, mimi leo siswali."

Mashavu alisimama kuelekea kibla. Alisoma alichokijua kwa moyo, akarukuu, akasujudu, na kwenye sijda ya pili ndipo maneno yale yalipomfikia. Mwanamke asiyeswali, na si mgonjwa, yuko katika siku zake. Na aliye katika siku zake hana mimba. Akasahau yuko rakaa ya ngapi, ikabidi aanze upya.

Alipomaliza aliketi karibu na ungo wa kunde. Akauliza zimeanza lini. Zuena akasema jana, na ndizo za kwanza tangu kumzaa Rehani.

"Za kwanza?"

"Za kwanza, mama. Kabla hujanipaka shubiri nilikuwa sizioni kwa sababu ya kunyonyesha. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo."

Ni kweli alimfundisha. Mashavu akachukua kunde mkononi, akazichambua, akazirudisha. Hakukuwa na mimba, na kwa hiyo hakukuwa na maziwa ya mimba. Kulikuwa na mtoto mzima anayenyonya maziwa mazima ya mama yake, mpaka ulipokuja mkono wa bibi na shubiri yake.

Sadala aliporudi, alimsubiri anawe. Akamwita mbele ya mkewe.

"Yale uliyoyasema kwa Mzee Mhina."

Sadala alimtazama Zuena, kisha mama yake. "Ulikuwa uongo, mama. Mzee alisema bila kukiri mtoto anakufa. Ningekiri hata kuiba ng'ombe wa Wamasai."

"Na mimi ukaniacha niamini?"

"Usingeamini, dawa ingeshika?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya shubiri Zuena alimtazama mumewe usoni, akaendelea kumtazama, mpaka Sadala akaona haya akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakuwa amevaa kwa siku nyingi, alikuwa pekupeku. Zuena akaangua kicheko, kicheko kilichochanganyika na machozi.

Mashavu aliingia jikoni. Alipakua ugali wa jioni kama anavyopakua siku zote, akafika kwenye maharage, mkono ukasita. Akayamimina yote kwenye bakuli la Zuena.

* * *

Kliniki ya watoto ilikuja na Landrova mara moja kwa mwezi, na mizani ilitundikwa kwenye boriti ya ofisi ya kijiji. Miezi yote ile Mashavu aliisikia tu ikipita. Siku hiyo alioga, akavaa ushungi safi, akamchukua Rehani.

Zuena alimshika mkono. "Mama, watatuona."

"Ndiyo."

"Basi nimfunike."

"Joto," alisema Mashavu. Akambeba mbele, kifuani, miguu yake iliyovimba ikining'inia, kichwa wazi, akapita naye katikati ya ile mistari ya nyumba. Zuena alimfuata nyuma. Waliokuwa wakitwanga waliacha kutwanga.

Foleni ya akina mama ilikuwa ndefu, na mwishoni mwake alikuwapo Bi Chausiku na mjukuu wake. Alimtazama mtoto, akakunja mdomo. "Kumbe Korogwe kuko karibu hivi," alisema.

Wanawake wawili watatu wakacheka, kisha wakamwona mtoto vizuri, wakaacha.

"Korogwe hakufika," Mashavu alisema. "Alikuwa chini ya kanga. Wewe ulimsikia." Alikuwa anahema, maana njia ya kutoka kwake mpaka ofisini haikuwa ndefu lakini alikuwa ameibeba kwa uzito wake wote. "Na niwaambie jambo mlisikie kutoka kwangu, msilisikie kwa kuokota. Huyu hakubemendwa. Mama yake hakuwa na mimba, na hana. Aliyemwachisha ziwa ni mimi. Na mwanangu Sadala hakufanya hilo mnalomcheka. Alijitia aibu ili mtoto apate dawa. Mkirudi majumbani muwaambie waume zenu."

Mashavu alitegemea utani, akauandalia uso. Bi Chausiku alimhamisha mjukuu wake begani, akasogea kando.

"Pita mbele," alisema. Kisha akawageukia wenzake. "Mpisheni apite. Hamuoni mtoto?"

Wakampisha, mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye mizani.

Nesi aliitwa Justa, mwenyeji wa Lutindi, mwanamke mrefu, mwenye lafudhi ya Kishambaa na mikono ya haraka. Alimtia mtoto kwenye kikapu cha turubai, akautazama mshale wa mizani, akautazama tena. Akamminya mguu, akalitazama shimo. Akauliza kama ananyonya. Zuena akasema ameacha.

"Nani alimwachisha?"

"Mimi, nesi," alisema Mashavu.

Mashavu alikuwa amejiandaa kwa karipio. Nesi Justa hakukaripia. Aliuliza mtoto anakula nini, akauliza mama yake anakula nini, na kwa swali hili la pili alisubiri jibu muda mrefu zaidi. Akasema mtoto na mama watapanda Landrova leo hii kwenda hospitali Korogwe, wakae huko mpaka uvimbe uishe.

"Na ziwa?" Mashavu aliuliza. "Limeshakauka."

"Arudishwe aning'inie hapohapo, mchana na usiku, hata kama halitoki kitu. Akivuta, litarudi. Lakini huyu mama ale, bibi. Ale maharage, karanga, mchicha, mayai. Ale kwanza, kabla ya wanaume. Maziwa hayawezi kutoka kwenye ugali mkavu."

"Je, atapona?"

Nesi alimtazama mtoto, si bibi. "Sijui. Umemleta, hilo tunalo."

* * *

Kwa muda Mashavu alipata habari kwa madereva tu, na habari zenyewe zilikuwa za neno moja: hajambo, au bado. Aliswali, akaomba, na baina ya swala na swala alikaanga karanga. Sadala aliendelea kufyatua matofali. Jina la Bwana Haraka lilikoma taratibu, si kwa kuombana radhi bali kwa watu kujisikia vibaya kulitamka, na mmoja wao alimletea Mashavu kuku wa mayai bila kueleza ni wa nini.

Alipopata nafasi ya basi alikwenda Korogwe. Kwenye uwanja wa wodi, chini ya paa la bati, akina mama waliolazwa na watoto wao walikuwa wanapika wenyewe. Waliwekewa sufuria kubwa, wakafundishwa kutia karanga zilizotwangwa kwenye uji, na kusaga maharage yaliyomenywa. Zuena alikuwa miongoni mwao, amejaa kidogo mwilini. Kwa kuwa alikuwa amempa kisogo, Mashavu hakumtambua mara moja.

Wakaamkiana. Mashavu akafungua kikapu, akatoa karanga, kunde, na mayai aliyoyachemsha nyumbani. Akamenya yai moja, akampa. Zuena alilishika bila kulipeleka mdomoni. Tangu aolewe hakuwahi kula yai; mwiko huo alipewa na mama mkwe huyuhuyu, siku ya pili tu ya ndoa.

"Mama, si ulisema mwanamke akila yai atazaa mtoto asiye na nywele?"

"Kwani una mimba?"

Zuena alimtazama kuona kama anatania. Kisha wote wawili wakacheka, wakacheka mpaka akina mama wa kwenye sufuria wakageuka, na Zuena akala yai lile, na la pili, na chumvi ikambaki kwenye midomo. Mashavu alimwangalia akitafuna kama anavyoangaliwa mtoto. Alitaka kumwambia nisamehe. Lakini neno hilo hakuwahi kulisema kwa mtu aliye chini yake kwa umri. Alichosema ni, "Mwanangu, lile ziwa..."

"Limerudi, mama," alisema Zuena. "Lilikawia, lakini limerudi." Akamshika bega. "Njoo umwone."

Rehani alikuwa amekaa kwenye kitanda, na alipomwona tu, Mashavu alishtuka, maana uvimbe ulikuwa umekwisha na sasa alionekana alivyo, mbavu tupu na macho. Lakini macho yalikuwa yanafuata vitu. Yalimfuata paka aliyepita dirishani, yakamfuata nesi na sinia lake, yakamfikia bibi, yakasimama hapo.

"Mume wangu," Mashavu alimwita kwa sauti ndogo. Akamnyooshea mikono.

Mtoto akanuna. Uso wote ukakunjamana, akamrukia mama yake, na Mashavu alipomgusa mguu aliurusha mguu ule kwa nguvu, ukampiga kwenye kiganja.

"Rehani," Zuena alimkemea. "Huyu ni bibi."

"Mwache," alisema Mashavu. "Mwache kabisa. Ana haki." Alikuwa anakiangalia kiganja chake alipopigwa. Mtoto ambaye hakuwa na nguvu ya kuondoa kanga usoni, leo anarusha teke. "Ananikasirikia. Alhamdulillahi, mwanangu, amepata nguvu ya kunikasirikia."

Zuena alikaa kitandani, akafungua kifua. Rehani alilishika ziwa akaanza kunyonya, na maziwa yakamtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Lakini jicho moja lilibaki kwa bibi. Mashavu aliegemea mbele kidogo, ili aone vizuri, na hapo mtoto akainua mkono wake mwembamba akaulaza juu ya ziwa, vidole vyote vitano vimetandazwa, kulikinga.

Mashavu aliuelewa mkono ule. Akaugeuza mwili wake polepole, akakaa akiwapa mgongo, akitazama ukuta. Akakaa hivyo bila kutikisika, akisikiliza mtoto akimeza.